Mapipa Sita ya Mbita

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mapipa yamefika. Sita, ya chuma, hakuna hata moja linalovuja. Nimeyapata kwa mlinzi wa josho la ng'ombe lililofungwa huko nyuma ya Rongo. Mtu mpole. Alifurahi kuliko mimi kuyaona yakipanda lori. Hilo lilipaswa kunifikirisha. Halikunifikirisha.

Hali ya soko ni hii. Gugumaji limefunika ufuo wote wa Mbita, kijani kitupu kutoka gatini hadi ile barabara ya mawe inayovuka kwenda kisiwa cha Rusinga. Kina mama wakienda kuteka maji hupasua njia kwa panga. Upepo ukilisukuma kuelekea huku, siku mbili tatu hakuna kuteka kabisa. Kwa hiyo kila nyumba inataka chombo kikubwa cha akiba. Cephas, mwenye duka la vyombo mkabala na langu, anauza mitungi ya plastiki na amenawiri. Cephas huyohuyo ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira ya Ufuo. Ana fulana ya kijani yenye picha ya samaki anayecheka. Kamati imekutana mara tisa tangu mwaka jana, imekunywa chai mara tisa, na gugumaji limeongezeka.

Nimeyaosha mapipa mwenyewe alasiri, nyuma ya duka, kwenye kile kighuba kidogo. Mchanga na sabuni ya unga. Maji yalitoka meupe kama maziwa, yakaingia chini ya gugumaji, yakapotea. Ziwa ni kubwa. Kulikuwa na harufu kidogo, kali, ya kukwama kooni.

Ruqia, mke wangu, alitoka akauliza mapipa yalikuwa na nini. Nikamwambia ni matupu. Akasema hakuuliza yana nini sasa, ameuliza yalikuwa na nini. Nikamwambia aangalie chungu jikoni, nasikia kitu kinaungua. Hakikuwa kinaungua.

Jumatano, 4 Machi

Baraza kwa chifu. Bwana afya mpya amekuja kutoka Homa Bay, anaitwa Mochama. Mkisii, mwembamba, mtaratibu, anabeba kila kitu kwenye mfuko wa karatasi. Alituambia tuchemshe maji ya kunywa, tusioshe vitu ziwani, tuchimbe vyoo mbali na ufuo. Cephas akasimama akarudia maneno yayo hayo kwa sauti kubwa zaidi, akapigiwa makofi na wanakamati.

Hapo nikasimama mimi. Sijui nini kilinipata. Nilisema watu hawa wa mazingira wanakuja na magari yanayotoa moshi mweusi kutufundisha usafi. Nilisema serikali imeshaingia shambani na mfukoni, sasa inataka kuingia ndani ya sufuria. Nilisema mwanadamu ana akili, na kila mtu achague maji yake mwenyewe.

Makofi hayo sijawahi kuyasikia tangu nihamie Mbita kutoka Malindi. Wazee waligonga fimbo chini. Mochama hakukasirika. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja.

Jioni kabla jua halijatua nilikuwa nimeuza mapipa manne. Mama Phelesia wa hoteli ya chai kachukua moja. Otieno wa Rusinga kachukua mawili, akayafunga nyuma ya baiskeli kama mbuzi. Mchungaji Japheth kachukua moja la kanisa. Mawili yamebaki. Cephas alisimama mlangoni kwake akitazama. Nilimpungia mkono.

Ijumaa, 6 Machi

Bata wa Benta wamekufa.

Benta ni mjane, anaishi na mjukuu wake, nyumba yake iko hatua chache kutoka kighubani. Alikuwa na bata kumi na mmoja. Asubuhi tisa walikuwa wamelala ubavu kwenye matope, shingo zimepinda. Wawili waliobaki walitetemeka kama watu wenye homa, nao wakafa kabla ya adhuhuri. Samaki wadogo pia wanaelea, matumbo juu, kati ya majani.

Watu wote walikuja kuona. Kila mmoja alikuwa na mkosaji wake. Wengine wamelaumu gugumaji, linanyima maji hewa. Wengine wamelaumu ile barabara ya mawe, imeziba maji yasitembee. Otieno alisema ni siasa tu, kuna watu wanataka wafadhili walete pesa, bata wameuawa ili wapigwe picha. Wengi walikubaliana naye. Na kweli kamati ilifika na kamera, ikapiga picha. Cephas alijipanga katikati, bata mmoja mkononi.

Mimi nilikubaliana na kila mtu, mmoja baada ya mwingine.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda stoo. Nililigeuza mojawapo ya yale mapipa mawili, nikakwaruza kutu kwa bisibisi. Chini ya kutu kulikuwa na maandishi. Dawa ya kuua kupe. Halafu neno SUMU, kwa herufi kubwa. Halafu maelezo kwamba chombo hiki kisitumiwe kwa maji wala chakula, wala kisioshewe mtoni.

Niliketi juu ya mfuko wa saruji. Nilifikiria hoteli ya Mama Phelesia, watu hamsini kwa siku. Nikafikiria wanawake wanaoteka maji pale kighubani, na mimi nilivyokuwa naimba wakati nikiosha.

Nimefunika mapipa yote mawili kwa magunia. Sijamwambia mtu. Huenda ni gugumaji kweli.

Jumamosi, 7 Machi

Kichwa kinauma. Mikono inawasha hadi kwenye viwiko. Nimenawa mara kumi na nne, kisha nikakumbuka ninanawa kwa maji gani.

Nimekataa chai ya asubuhi. Nimeleta kreti la soda nyumbani na kusema ni zawadi kwa familia. Binti yetu Shamima alifurahi. Ruqia hakufurahi. Aliuliza tangu lini mimi hutoa zawadi. Baadaye alinikuta nikinusa vikombe kabatini. Alisimama tu, amekunja mikono, halafu akaenda akamwaga maji yote ya mtungini na kumtuma mtu kuchota upande wa mbali, kwenye maji wazi. Mwanamke huyu hahitaji kuambiwa jambo ili alijue.

Mchana nilikwenda kumpa Benta pole. Alikuwa anachimba shimo la kuwazika bata, peke yake, kwa jembe lisilo na makali. Nilimsaidia. Nikamwuliza, kama mtu anayezungumza tu, kama anateka maji hapa karibu. Akasema sasa atateka wapi kwingine, miguu ni hii. Nikamwuliza kama wamekunywa tangu Jumatatu. Akasema wamekunywa, ila yeye huchemsha kwanza, tangu kipindupindu cha zamani kilipomchukua mumewe. Je, amejisikia vibaya? Hapana. Na mjukuu? Hapana, yuko nje anacheza.

Nilimwambia pole tena. Nikaondoka haraka. Njiani nilijiuliza kama kuchemsha huondoa dawa ya kupe. Sidhani.

Jumatatu, 9 Machi

Mpango: kurudisha mapipa manne bila kueleza sababu.

Nimeanza kwa Mama Phelesia. Nilimwambia nina pipa jipya kabisa, la rangi ya buluu, nataka kubadilishana naye bure kwa sababu ni mteja mzuri. Akauliza ubaya wa hili ni nini. Nikasema hakuna ubaya. Akauliza basi kwa nini nalitaka. Nikasema linaweza kuwa na kutu, na kutu si nzuri kwa maji.

Alicheka, akawaita wateja wasikie. "Bwana Mahmud, si ni wewe ulisimama kwa baraza ukasema kila mtu achague maji yake? Mimi nimechagua hii. Enda na pipa yako ya buluu."

Wateja walishangilia. Mmoja alitaka nikae ninywe chai. Mvuke ulipanda kutoka kwenye kikombe. Nilisema nimefunga. Akasema Ramadhani iliisha Januari. Nikasema ni sunna, Jumatatu. Hapo kwa bahati nilikuwa sawa.

Otieno vilevile. Nilivuka hadi Rusinga kwa miguu juani. Akaniambia, "Omera, ndugu yangu, mfanyabiashara akija kununua kitu alichouza juzi, kuna siri." Akayaingiza mapipa yote mawili ndani ya nyumba anamolala.

Mchungaji Japheth alisema pipa limeshatolewa kwa kazi njema, na mkono wa kushoto usijue wa kulia umefanya nini. Nilimwuliza kazi gani. Alitabasamu tu.

Mama Phelesia anasema wateja wawili walitapika jana. Analaumu samaki. Nimesikia hayo nikiwa nimesimama barabarani.

Jumatano, 11 Machi

Siri, alisema Otieno. Basi nimewapa siri.

Asubuhi nilinyoa ndevu kwa kinyozi, na nilipokuwa pale nikamnong'oneza, nikimwapisha asimwambie mtu, kwamba mapipa yale yalitoka upande wa Migori, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwamba mchimbaji mmoja alificha vumbi la dhahabu kwenye kitako cha mapipa, kati ya bati na bati, halafu akafa. Ndiyo maana nayatafuta.

Kinyozi alifunga kibanda kabla hajamaliza shavu la kushoto.

Saa sita mchana Mama Phelesia alikuwa ameita fundi wa vyuma. Maji yalimwagwa barabarani, kitako kikakatwa kwa patasi. Hakukuwa na kitu. Alasiri habari zikaja kutoka Rusinga: Otieno amekata yake yote mawili, vitako na vifuniko, amebaki na mabomba. Pipa lililokatwa kitako haliwezi kumnywesha mtu maji. Mimi, Mahmud, nimeokoa watu hamsini kwa siku kwa neno moja kwenye kiti cha kinyozi. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Halafu kelele zikaanza mjini kote. Watu wengine nao wamekata mapipa yao, yale mazuri, ya miaka mingi, ambayo hayajawahi kuona josho. Hadi jioni nimehesabu ishirini na mawili yaliyoharibika. Upepo umegeuka, gugumaji limerudi ufuoni, na sasa hakuna pa kuweka maji.

Cephas ameuza mitungi yote ya plastiki. Amevaa ile fulana.

Ijumaa, 13 Machi

Mjukuu wa Benta ameanguka shuleni. Msichana wa miaka saba. Homa, kutapika, mwili unatetemeka. Unatetemeka. Wamempeleka hospitali Homa Bay, Benta amemkumbatia kwenye kiti cha mbele, kichwa cha mtoto kinaning'inia begani.

Sikuweza kufungua duka. Nilikaa msikitini tangu adhuhuri hadi alasiri, nikatoka, nikarudi. Nilimwahidi Mungu mambo. Nilisema mtoto huyu akipona nitakwenda kwa chifu na kueleza kila kitu, tangu mlinzi wa josho hadi kinyozi. Nilisema hayo kwa moyo wote na kwa machozi. Ruqia aliniona nikirudi nyumbani, akauliza kwa upole nimefanya nini. Nilifungua mdomo. Nikasema nina njaa.

Baada ya magharibi gari lilirudi na habari. Malaria. Amepewa dawa, ameanza kunywa uji.

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti kubwa, ni malaria, watu walio karibu wakageuka kunitazama. Wamezika watoto wengi kwa malaria hapa. Nilijaribu kueleza kwamba nimefurahi kwa kuwa ina dawa. Benta hakuwepo kusikia, namshukuru Mungu.

Kuhusu ile ahadi, nimefikiri. Nilimwahidi iwapo atapona ile sumu. Hakuwa na sumu. Kwa hiyo ahadi haikuanza.

Jumapili, 22 Machi

Leo ilikuwa Siku ya Maji.

Mgeni rasmi alitoka Nairobi na magari sita. Mahema mawili, kwaya ya shule, fulana mpya. Nilikwenda kwa sababu kila mtu alikwenda, na kwa sababu nilitaka kumwona Cephas akikosea kusoma hotuba. Alisoma vizuri. Alisema kamati imetengeneza chujio la mchanga na makaa, na sasa itaonyesha umma kwamba maji ya ziwa hili yanaweza kunyweka. Watoto wa kwaya watakunywa kwanza, halafu mgeni rasmi.

Akavuta kitambaa. Chini yake kulikuwa na pipa lililopakwa rangi ya kijani, lenye maandishi meupe, MAJI NI UHAI. Ubavuni lilikuwa na kibonyeo kirefu. Kibonyeo hicho nilikitia mimi wakati wa kulishusha kwenye lori. Mchungaji Japheth, aliyeketi mstari wa mbele, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtoaji.

Watoto walijipanga na vikombe. Wa kwanza alikuwa mvulana nisiyemjua, ana kikombe cha njano cha plastiki, amekishika kwa mikono miwili. Nilisema simama. Hakuna sauti iliyotoka. Nilifikiria: wameliosha tena, limepakwa rangi, wiki tatu zimepita, labda hakuna kitu. Nilifikiria pia, na hili naliandika kwa aibu, kwamba wakiugua ni Cephas atakayefungwa.

Cephas akafungua bomba. Kikombe kikaanza kujaa.

Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka kikombe kikiruka. Nakumbuka nimelisukuma pipa kwa bega na kwa mguu, na lilivyopinduka juu ya meza na kuanguka, na maji yote yakamwagika juu ya viatu vya mgeni rasmi.

Mvulana alikuwa analia. Watu elfu moja walinitazama, wakingoja nieleze. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni sumu. Lilikuwa mdomoni. Nilimwona chifu. Nikawaona askari wawili. Nikasema, "Tumechoka na siasa ya mazingira."

Walilipuka. Vijana waliruka kamba, wakaniinua mabegani. Walipiga kelele kwamba hatutaki maigizo, hatutaki fulana, kila mtu achague maji yake. Cephas alisimama katikati ya matope, kofia imeanguka, machozi ya hasira machoni. Mgeni rasmi alikuwa anapanguswa viatu.

Kutoka kule juu niliona maji yakitiririka kuelekea ufuoni, na Mochama, bwana afya, amechuchumaa peke yake. Alichota udongo uliolowa kwa vidole viwili. Akanusa. Akainua uso akanitafuta.

Jumatatu, 23 Machi

Mochama alifika dukani asubuhi na mfuko wake wa karatasi. Ndani kulikuwa na lile tope, kwenye chupa.

Alisema alilelewa kando ya josho. Baba yake alikuwa mtu wa kuwasukuma ng'ombe ndani. Harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma. Akaomba kuona stoo. Nilimwonyesha. Alitoa magunia, akasoma yale maandishi, akayafunika tena taratibu kama mtu anayefunika maiti.

Nilimwuliza kama ameshaandika ripoti. Akasema ripoti ya bata iliandikwa juma lililopita, huko mjini, na watu ambao hawajafika hapa. Inasema ni gugumaji. Bajeti ya mwaka huu ni ya gugumaji. Jana jioni alipiga simu kuomba waifungue upya, akaambiwa mgeni rasmi ameshaaibika vya kutosha.

"Kwa hivyo sina pa kukupeleka," alisema. "Ile siku ya baraza ulisema kila mtu achague maji yake. Mimi nilikubali, Bwana Mahmud. Niliandika. Lakini hao watu hawakujua wanachagua nini. Wewe ndiye ulijua."

Alisema atachukua mapipa mawili akayafukie mahali pakavu, na akaniachia yaliyobaki. Nilimwuliza yapi yamebaki. Akaelekeza kidole kighubani, upande wa nyumba ya Benta. Nilipogeuka, Ruqia alikuwa amesimama kwenye pazia la mlango wa nyuma. Alikuwa ameshajifunga mtandio.

"Baba Shamima," alisema, "twende kwa Benta."

Tulimkuta ameketi kivulini, mjukuu wake amelala mapajani, bado dhaifu. Nilisema nilichokuja kusema. Nilikisema vibaya, kwa kuzunguka, nikaanza na hali ya soko. Ruqia alinikanyaga mguu. Nikasema: ni mimi niliyewaua bata wako. Niliosha sumu pale.

Benta alikuwa anapitisha mkono kwenye nywele za mtoto.

"Bata nitapata wengine," alisema. "Siku ile ulikuja ukaniuliza kama nimekunywa. Nikafikiri, huyu mtu ana roho nzuri, anauliza. Ulishika jembe ukanisaidia kuzika. Na ulikuwa unajua. Ukaenda, na mimi jioni nikampa huyu maji."

Nilimwambia nitamlipa bata wote. Akasema hataki bata kutoka kwangu. Anataka nisimame barazani niwaambie wanawake wanaoteka pale, kwa mdomo wangu, kama nilivyosimama siku ile ya kupigiwa makofi. Nilimwambia nitasema. Jumatano, bila kukosa.

Jumatano, 25 Machi

Nilisimama. Kabla sijaanza, watu walipiga makofi dakika nzima. Mzee mmoja alisema Mbita imepata mtu asiyeogopa, na kwamba kiti cha diwani kinamngoja mtu kama huyo. Vijana walikuwa wamesimama nyuma, wananitabasamia. Benta alikuwa chini ya dirisha. Niliogopa kuliko siku ya bata, kuliko siku ya mtoto. Nilisema nawashukuru wote kwa kufika, nikaketi.

Ruqia akasimama. Mke wangu hajawahi kuzungumza barazani. Alisema yote, kwa Kiswahili chepesi ili kila mwanamke aelewe, na Mama Phelesia akatafsiri kwa Kidholuo kwa wale wasioelewa, sauti yake ikizidi kupanda kadiri alivyoelewa mwenyewe. Mapipa gani. Siku gani. Kighuba kipi. Wasiteke pale hadi mvua kubwa zipite. Wasiwape watoto samaki wa pale. Hakunitazama hata mara moja.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Jiwe moja tu lilirushwa. Lilitosha.

Alhamisi, 9 Aprili

Idi imepita kimya. Duka halina mtu. Mama Phelesia haniuzii chai, na Otieno hupita akiangalia upande mwingine, yeye ambaye angenibeba mabegani maisha yake yote. Cephas amepewa nafasi kwenye kamati ya wilaya huko Homa Bay. Benta na Ruqia hushona pamoja alasiri, na nikiingia wanazungumza habari za uzi. Ruqia hunipa chakula, huniambia chumvi iko wapi, basi.

Nimekaa na nafsi yangu siku nyingi. Nimejipima. Hofu niliyopata mwezi uliopita sitamtakia adui. Nimeamka usingizini nikiona kile kikombe cha njano. Mtu akipita kwenye moto lazima atoke na kitu, nami nimetoka na hili: maisha yangu yote sitagusa tena pipa. Nimeapa, na safari hii nimeapa bila masharti.

Leo mchana alikuja mtu kutoka upande wa Migori na pikapu. Kabla hajashuka nilimwuliza kama ana mapipa. Akasema hapana. Nilimwuliza mara tatu, nikapanda mwenyewe kuhakikisha. Ni magunia. Mia mbili, mapya kabisa, yamebeba mbegu za mahindi mara moja tu. Yana vumbi zuri la rangi ya waridi. Wachuuzi wa dagaa wanalilia magunia msimu huu, na Cephas hana hata moja.

Ruqia alitoka akauliza yalikuwa na nini. Nilimjibu ukweli, mbegu. Alinitazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kila gunia lina picha ndogo ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nimeyageuza ndani nje. Haionekani kabisa.